Mchanga Ambao Haukuwemo

Watu tisa wa hospitali moja walishikwa na maumivu ya macho siku moja, kati ya saa kumi jioni na magharibi, na kila mmoja aliniambia maneno yale yale: ana mchanga machoni. Niliwaosha wote. Niliwageuza kope kwa kijiti cha pamba, nikatafuta kwa tochi na kioo cha kukuzia, na sikupata punje hata moja. Kati ya watu waliokaa pamoja asubuhi ile, wawili tu hawakuumwa macho. Mmoja alikuwa karani mwenye miwani minene. Wa pili alikuwa mwanamke aliyewasha jiko, na kabla giza halijaingia hospitali nzima ilikuwa imeshaamua kwamba yeye ndiye aliyewaharibu wenzake.

Nimestaafu majuzi, baada ya kuwa muuguzi wa macho tangu katikati ya miaka ya sabini. Wenzangu vijana waliniomba niandike kidogo juu ya kazi, nadhani walitaraji vyeo na semina. Vyeo vyangu ni vichache, na kwenye semina nyingi nilisinzia. Nimechagua kisa hiki kwa sababu mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja msichana aliyeondolewa nywele za juu ya mdomo kwa mashine ya leza katika saluni moja ya mjini Mbeya. Aliona doa jeusi katikati ya kila alichokitazama. Nilipomwuliza alikuwa amelala upande gani wa mashine, na nani mwingine alikuwemo chumbani, daktari kijana niliyekuwa naye alinitazama kama mtu aliyeanza kuchoka akili. Swali hilo nililirithi Iringa.

Siku yangu ya kwanza Iringa sikupewa tochi. Bwana Kihwele, mganga msaidizi wa macho aliyekuwa mwalimu wangu, alinionyesha nafasi kwenye benchi la wagonjwa, kati ya mama mwenye mtoto na mzee aliyenuka tumbaku. Akaniambia nikae hapo hadi saa sita, niandike kila mtu anaingiaje mlangoni. Nani ameshikwa mkono. Nani ameinamisha kichwa. Nani amefumba jicho moja na nani yote mawili. Nilikuwa msichana wa Kihehe niliyetoka chuoni na vyeti vizuri, nikaona nimedharauliwa. Saa sita alisoma orodha yangu yote, akasema sikuandika kama walikuja na jua usoni au kisogoni, kisha akaenda kula. Nilichukua miaka kuelewa kwamba kwa Bwana Kihwele kusoma orodha ya mtu hadi mwisho kulikuwa ni kumsifu.

Vifaa vyake vilikuwa vinne: tochi ya betri mbili, kioo cha kukuzia kilichofungwa kichwani kwa mpira, vikaratasi vyenye rangi ya machungwa, na daftari la kurasa za mraba. Kikaratasi ukikigusisha kwenye chozi, rangi huenea jichoni, na popote kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kilipochubuka hubaki doa linalong'aa kijani chini ya mwanga wa buluu. Mashine ya mwanga wa buluu hatukuwa nayo. Tulifunga karatasi ya pipi ya rangi ya buluu mbele ya tochi, na ilibidi mtu fulani ale pipi hizo kwanza. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo.

Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote wa Iringa alikuwa mwenye lori. Lori lake lilivunjika bampa, akalipeleka gereji, na kwa kuwa hakuwaamini mafundi alisimama mwenyewe akashikilia bamba huku fundi akichomelea. Fundi alikuwa na kioo cheusi usoni. Mwenye lori hakuwa na kitu. Mchana wote alikuwa mzima kabisa. Jioni ndipo mchanga ulipoanza, na asubuhi alikuja kwetu akiongozwa na fundi yule yule asiyemwamini, machozi yakimchuruzika hadi kifuani.

Bwana Kihwele hakumgusa macho. Alimwuliza alisimama upande gani, kichwa kilielekea wapi, kilikuwa karibu kiasi gani, akachora yote kwenye daftari. Kisha akaniambia nitabiri jicho lipi limeumia zaidi. Nikasema la kushoto. Tukaweka rangi, tukawasha tochi: madoa madogo madogo ya kijani, mengi kama vumbi la unga, yamepita kama mkanda katikati ya kioo cha jicho. La kushoto lilikuwa na mengi zaidi. Akanieleza kwamba ndani ya mwanga wa kuchomelea mna miale isiyoonekana, urujuanimno, inayounguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na maumivu yake huchelewa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa hulaumu kitu cha jioni wakati kosa ni la asubuhi.

Yule bwana alipotiwa tone la dawa ya ganzi maumivu yaliisha papo hapo, akaomba aende na kichupa. Bwana Kihwele alikitia mfukoni mwake mwenyewe. Mnaoanza kazi, hilo lishikeni: ganzi ni ya kumpima mgonjwa, si ya kumpa aende nayo nyumbani. Jicho lisilosikia maumivu halijitunzi, na kioo chake huoza mwenyewe akiwa anacheka. Alipewa dawa ya mafuta, kitambaa cha maji baridi na chumba chenye giza. Siku ya pili alikuwa mzima, akarudi gereji kugombana.

Baadaye nilipangiwa kazi upande wa Mbeya, katika hospitali ndogo ambayo sitaitaja jina. Nilifika mwezi wa sita na koti moja. Asubuhi ukungu ulishuka hadi kwenye madirisha, na maji ya bomba yaliuma vidole. Wafanyakazi walikuwa na desturi ya kukutana kila saa moja asubuhi kwa sala, taarifa za wodini na matangazo. Miezi ya joto walikutana barazani. Ukifika wakati wa baridi walihamia chumba cha kufungia vidonda, ambacho mlango wake ulifunga vizuri, na Mama Sekela alileta jiko la mkaa. Kuwa na jiko la mkaa katika chumba cha vidonda ni jambo ambalo leo lingetuletea wakaguzi. Wakati ule lilituletea vidole vinavyoweza kushika kalamu.

Mama Sekela alikuwa mhudumu, Mnyakyusa, mjane, mnene wa mabega, na asiyenyamaza. Siku yangu ya kwanza aliniamkia “Ugonile,” nikamjibu “Kamwene” ya kwetu Iringa, akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo mbele ya watu aliniita Sista, na tukiwa wawili aliniita mwanangu.

Katika chumba kile juu ya mlango kulikuwa na taa ya buluu. Ilikuwa zawadi ya wageni fulani, na kazi yake ilikuwa kuua vijidudu hewani ili vidonda visioze. Ilikuwa mrija mrefu wenye kikinga cha bati. Agizo lilikuwa iwashwe saa kumi na mbili alfajiri na kuzimwa wagonjwa wa kwanza wanapoingia. Watu waliipenda. Walisema ukikaa chini yake unajisikia umesafishwa.

Siku ya tukio sikuwepo kwenye sala. Alfajiri nilikuwa nimepanda gari la hospitali kwenda Mbalizi kupima macho ya wanafunzi, na nikarudi saa tisa. Saa kumi Metroni, mkuu wa wauguzi wote, aliingia chumbani kwangu ameshika ukuta. Alikuwa mwanamke wa kuogopwa, na sikuwahi kumwona akishika kitu cha kumtegemeza. Nyuma yake walifuata wengine, mmoja mmoja, hadi benchi likajaa. Nikaweka rangi, nikafunga karatasi ya pipi kwenye tochi. Mkanda wa madoa ya kijani, kama unga. Tisa wote.

Niliuliza nani alikuwa anachomelea chuma. Hakuna aliyekuwa anachomelea. Wala hakukuwa na gereji karibu.

Metroni hakungoja niulize tena. Alikuwa na kitambaa cha maji usoni, na alizungumza bila kukiondoa: “Ni yule mwanamke. Ameweka pilipili kwenye mkaa. Juzi nilimsema mbele ya watu, leo amenilipa.”

Ilikuwa kweli alimsema. Chai ilichelewa, mkaa ulikuwa mbichi, na Metroni alimwambia Mama Sekela kwamba hata mbuzi angewasha jiko vizuri zaidi. Ni kweli pia kwamba pilipili ikitupwa kwenye mkaa huwasha macho. Na ni kweli kwamba Mama Sekela alikuwa mzima, anatembea huku na huku akiwabebea wenzake maji. Kesho yake sala haikufanyika, na maneno yalikuwa yameshatoka nje ya geti, na hayakuwa tena ya pilipili. Watu walisema ana dawa. Wanawake wawili wa jirani yake walikwenda kisimani kwa njia nyingine ili wasikutane naye. Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, aliyekuwa safarini siku ya tukio, alirudi, akasikia, akaita kikao cha siku ya tatu. Barua ya kumwachisha kazi ilishapigwa taipu. Ilikosa saini tu.

Mama Sekela alinijia chumbani siku hiyo ya pili mchana, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Hakucheka.

“Mwanangu, kazi wakichukua nitalima,” alisema. “Lakini jina hili wakinipa, nani atanunua mahindi yangu? Sekela nani atamwoa?”

Nilimwambia sina ninalolijua bado. Nikachukua daftari langu, la kurasa za mraba kama la Bwana Kihwele, nikaanza kuzunguka wodini na ofisini. Kila mtu nilimpa swali lile lile: ulikaa wapi, uso ulielekea wapi, jiko lilikuwa upande gani, nani alikohoa. Swali la mwisho liliwashangaza. Mmoja baada ya mwingine walifikiri, wakasema hakuna aliyekohoa. Waliimba nyimbo mbili hadi mwisho. Mtu aliyevuta moshi wa pilipili haimbi hata ubeti mmoja.

Nikachora. Mabenchi mawili, kiti cha Metroni mwisho wa chumba kikitazama mlango, jiko karibu na mlango ili moshi utoke. Kila jina niliandika maumivu yake kwa namba, moja hadi tatu. Nilipomaliza niliona jambo lililonifanya nisahau chai yangu. Waliokaa karibu na jiko, ambao walikuwa wameligeuzia ubavu, walikuwa na moja. Metroni, aliyekuwa mbali nalo kuliko wote, alikuwa na tatu. Kama ni moshi, ulikuwa moshi unaoruka watu wa mbele na kutafuta wa nyuma.

Asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya kikao, alikuja Ndugu Mwaipopo, yule karani mwenye miwani. Hakuja kwa sababu ya macho. Alikuja kwa sababu uso wake ulikuwa unababuka kama kiazi kilichochemshwa, na watoto wake walikuwa wamemcheka. Akavua miwani anionyeshe. Paji la uso, mashavu, pua, vyote vinababuka. Kuzunguka macho kulikuwa na duara mbili laini, nzima, za ukubwa wa vioo vyake.

“Sista, nimefanana na nini?” aliniuliza.

“Bundi,” nikamwambia, na nikamwomba asiivae miwani mpaka kikao kiishe.

Kikao kilikuwa katika chumba kile kile, maana baridi haikujali kesi. Safari hii jiko halikuletwa, na taa ilikuwa imezimika kwa sababu umeme ulikatika. Mama Sekela alisimama karibu na mlango. Metroni, macho yakiwa mekundu bado, alieleza shtaka lake kwa utulivu, na alieleza vizuri. Nilipopewa nafasi nilitandaza mchoro mezani, nikamweka Ndugu Mwaipopo mbele ya Mganga Mfawidhi bila miwani. Nikauliza ni moshi gani unaounguza shavu la mtu na kuacha mahali palipofunikwa na kioo. Mganga Mfawidhi alimshika kidevu, akamgeuza kushoto na kulia. Kisha akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

“Na huyu mama? Naye alikuwemo, na hana kitu.”

Nikamtazama Mama Sekela, naye wakati ule ule alipeleka mkono nyuma ya shingo akajikuna. Nikakumbuka jana yake pale kitini alijikuna hivyo hivyo, na mimi, mwanafunzi wa Bwana Kihwele, sikuandika. Nikamwomba ageuke. Alikuwa amefunga kilemba kama siku zote. Chini ya ukingo wa kilemba, shingo yote ya nyuma ilikuwa imeungua na kuanza kuchubuka, na nilipoinua kile kitambaa kidogo, ngozi ya chini yake ilikuwa nzima. Mstari ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

“Ulikaaje asubuhi ile?” nikamwuliza.

“Nilichuchumaa napuliza mkaa, Sista. Mgongo kwa mlango. Halafu nikatoka kufuata chai.”

Mgongo kwa mlango. Metroni uso kwa mlango. Wote tuliokuwa mle ndani tukainua macho juu ya mlango, na kwa bahati taa ilikuwa imezima.

Mganga Mfawidhi aliikunja barua akaitia mfukoni. Metroni alitoka nje, na baada ya muda akarudi na kopo la dawa ya mafuta ya ngozi, akamkabidhi Mama Sekela mkononi, akaenda wodini. Jioni Mama Sekela alinipitia, akasema ameombwa awashe jiko kesho. Alisema hivyo mara mbili.

Mchana huo tulimwita Ndugu Sanga, fundi wetu wa umeme na jenereta. Alipanda kigodani, akatazama. Kikinga cha bati kilitakiwa kukaa chini ya mrija, ili mwanga uende darini na watu wakae salama kwenye kivuli chake. Sasa kilikuwa juu, na mrija ulikuwa wazi kwa watu.

“Dada, mimi sikufunga hivi,” alisema. “Mwezi wa tatu nimeifunga inatazama dari. Mtu ameizungusha.”

Aliirudisha kwa mkono mmoja. Skurubu haikuwa imekazwa sana, na bati lilizunguka kirahisi. Mimi nilisimama chini na daftari, nikaandika kila alichokigusa, kwa mazoea tu. Macho ya wote tisa yalipona.

Nilimwandikia Bwana Kihwele barua ya kurasa nne yenye mchoro. Nilijivuna kidogo, sitaficha. Jibu lake lilifika baada ya wiki mbili, mistari mitatu. Miale ni ile ile ya mwenye lori. Kioo cha miwani huizuia. Sasa nani aliigeuza?

Kabla ya kufika huko, neno kwa mnaofanya kazi na leza. Taa yetu ya buluu ilikuwa na hisani moja: iliuma. Leza hupenya hadi nyuma ya jicho na kuacha doa bila maumivu, na doa hilo mara nyingi halifutiki. Miwani ya kujikinga iwe ya mashine ile ile, maana miwani ya leza moja haizuii nyingine. Yule msichana wa saluni alisema mhudumu alivaa miwani, yeye hakupewa, na ukutani kulikuwa na kioo kikubwa cha kujitazamia. Yule daktari kijana aliandika dawa. Kioo, ambacho hurudisha mwale machoni, hakukiandika mpaka nilipomwambia.

Swali la Bwana Kihwele nilirudi nalo kwa Mama Sekela. Tulikuwa wawili, anapepeta mchele. Nikamwuliza kama wiki ile alifuta vumbi kwenye taa.

“Mimi nafagia chini, mwanangu,” alisema, bila kuinua uso. “Taa naiogopa. Umeme huo.”

Ndugu Sanga alishasema lake. Nilisikia pia, kwa watu wa wodini, kwamba siku moja kabla ya tukio Metroni alikagua chumba kile, na sote tulimjua: alikuwa mtu wa kupanda kigodani mwenyewe, kupitisha kidole juu ya kila kitu, na kufuta papo hapo alipokuta uchafu. Metroni sikumwuliza. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, na zaidi ya hapo, kesi ilishakwisha na mtu alikuwa na kazi yake na jina lake.

Mama Sekela aliwasha jiko lile hadi alipozeeka, na Sekela aliolewa. Daftari bado ninalo, hapa mtaa wa Soweto, Mbeya, ninapoishi. Chini ya mchoro wa mabenchi kuna mstari nilioandika Ndugu Sanga akiwa juu ya kigoda anapangusa vidole kwenye suruali, na sikuunakili kwenye taarifa yoyote. Katika chumba kile jiko liliwashwa kila asubuhi tangu baridi ilipoanza, na kila kitu karibu na dari kilikuwa cheusi. Mstari unasema: ukuta una masizi, waya una masizi, kikinga hakina.